Kifuko Tumboni mwa Baba Mkwe

Kazi yangu ni kuwauliza watu habari za choo. Si hiyo tu, lakini ukinifuata siku nzima pale zahanati, ndilo swali utakalolisikia kuliko mengine yote. Choo unapata? Kigumu au laini? Rangi gani? Nimemuuliza mchungaji wa kanisa, nimemuuliza mwenyekiti wa kijiji mbele ya mke wake, nimemuuliza hata mwalimu aliyenichapa darasa la nne, na ambaye mpaka leo nikimwona mikono yangu inajificha yenyewe. Wote walijibu. Mimi sina aibu, na aibu ya mgonjwa huwa naimaliza kwa dakika mbili.

Mtu mmoja tu nilishindwa kumuuliza, naye ndiye niliyepaswa kumuuliza kuliko wote. Ni baba mkwe wangu.

Nimezaliwa Masieda, kwa wakulima. Ndugu za mama yangu wako Bashay, wanalima vitunguu swaumu, na utoto wangu wote nguo zangu za shule zilinuka kitunguu. Nilisomea utabibu, nikapangiwa zahanati upande wa Hanang, nikakutana na mwalimu wa hesabu ambaye kwao ni Balangdalalu, kwa Wadatoga wafugaji. Nilipomwambia mama yangu kwamba naolewa huko, aliniuliza kama watu wale wanaijua kabichi. Nikamwambia nitawafundisha. Kwa kweli ni wao walionifundisha mimi, na somo la kwanza lilikuwa la adabu.

Wiki ile ile ya harusi mama mkwe aliniweka chini. Jina la baba mkwe halitajwi na mke wa mwanawe, wala maneno yanayofanana nalo. Kuna maneno matatu ya Kiswahili safi kabisa ambayo mpaka leo nikiwa nyumbani kwao nayazunguka kama mtu anayekwepa shimo. Sikai anapokaa, simtazami usoni, sili mbele yake. Namsalimu kwa mbali, "Shikamoo, baba," naye anajibu, "Marahaba," huku akiwatazama ng'ombe, na hapo mazungumzo yetu ya siku yamefungwa. Kwa miaka minane hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Usidhani hakunipenda. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alinitolea ng'ombe wa maziwa, na nilipata habari kwa mama mkwe kwamba mzee amefurahi sana. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale nilipolala.

Alikuwa mtu wa kutembea. Akiwa na miaka sitini na kitu, alikuwa anawaacha nyuma vijana kwenye njia ya mnadani. Kwa hiyo mwaka ule mvua za kwanza zilipoanza, nilipomwona anasimama katikati ya njia ya kwenda kunyweshea ng'ombe, mkono kwenye fimbo, akijifanya anachunguza mawingu, nilijua hachunguzi mawingu. Siku nyingine alipokea kikombe kutoka kwa mjukuu wake nikaona viganja. Vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga. Mgonjwa mwingine yeyote ningemvuta kope la chini nikaangalia, nikamaliza. Kope la baba mkwe halivutwi.

Nikamwita mama mkwe. Tukaanza utaratibu ambao sasa nikiukumbuka nacheka, ila wakati ule haukuchekesha. Mimi namuuliza yeye swali jikoni, yeye anatembea mpaka alipo mzee, anauliza, anarudi na jibu. Njiani jibu linavishwa nguo.

"Anasema tumbo haliumi."

"Muulize choo kikoje."

Akaenda, akarudi. "Anasema ni choo cha mtu mzima."

"Mama, rangi."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana, akaenda tena. Alikaa sana safari hiyo. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Kimekuwa cheusi. Lakini hilo ni jambo la kawaida."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nataka lieleweke vizuri kwa sababu nilikuwa na cheti ukutani. Choo cheusi kwa mtu asiye na damu ni kengele. Kinamaanisha huenda damu inavuja mahali fulani ndani. Lakini mimi ni mtoto wa milimani. Nilikua nikisikia kwamba watu wa bondeni wanakunywa damu ya ng'ombe, na ni kweli wanakunywa, wanamtoboa ng'ombe shingoni bila kumuua, wanachanganya na maziwa. Mtu aliyekunywa damu choo chake kinakuwa cheusi. Basi nikauliza swali lililokwisha kujijibu. "Baba anakunywa damu, sivyo?"

Mama mkwe aliinua mabega. "Ni mwanaume wa hapa. Kwa nini asinywe?"

Nikaridhika. Nikapima choo kile kwa kipimo chetu, kikaonyesha kuna damu. "Ya ng'ombe," nikamwambia muuguzi ninayefanya naye kazi, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo. Nikampa mzee dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo, kama kila muuguzi anavyojua, huwa vinafanya choo kiwe cheusi. Kwa hiyo alama iliyokuwa inapiga kelele niliifunika mara mbili, kwa mkono wangu mwenyewe. Wingi wake wa damu ulikuwa sita, wakati mwanaume anatakiwa kuwa juu ya kumi na mbili. Nikaandika barua ya rufaa, na ndani ya barua nikaweka sentensi ambayo nilidhani ni ya kitaalamu sana: mgonjwa ni mfugaji, hunywa damu ya ng'ombe mara kwa mara.

Tukampeleka hospitali kubwa, juu huko upande wa Mbulu. Mume wangu alikuwa anasimamia mitihani, kwa hiyo tulikwenda mimi, mama mkwe na mzee, yeye mbele na dereva, sisi nyuma. Dirishani karani akaniuliza jina la mgonjwa. Nikanyamaza. Akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Nikamwambia siwezi kulisema. "Wewe ni nani kwake?" Mkwe. "Na jina lake hulijui?" Nalijua vizuri sana. Foleni nyuma yangu ilianza kufurahi. Mwishowe nilimsukumia kitambulisho cha taifa, akasoma jina kwa sauti kubwa, na mama mkwe akakohoa kwa nguvu ili mimi nisisikie.

Walimwongezea damu, na damu ilibidi ichangiwe na ndugu. Kaka zangu wawili walikuja kutoka Masieda wakanyoosha mikono. Kwetu sisi Wairaqw na Wadatoga utani ni wa jadi, na kaka yangu mkubwa hakuweza kujizuia. Alisimama mlangoni mwa wodi akawaambia shemeji zangu, "Tumemwekea damu ya mkulima. Akiamka anatafuta jembe, msishangae." Mzee alijibu kutoka kitandani, macho yamefumba, kwamba ndiyo maana anasikia uvivu. Wodi nzima ilicheka, na mimi nikacheka nikiwa nimegeukia ukutani kama inavyotakiwa.

Wakampitisha kamera mdomoni mpaka tumboni. Hakuna kidonda. Daktari kijana akasoma barua yangu, akafika kwenye sentensi yangu ya kitaalamu, akaitikia kwa kichwa. Choo cheusi kina maelezo, kipimo kuonyesha damu kina maelezo, tumbo ni safi, basi tatizo litakuwa lishe. Simlaumu. Alimwamini mwenzake anayeishi na mgonjwa nyumba moja. Tukarudi na vidonge vingine.

Baada ya miezi minne mzee alianguka mnadani. Hakujikwaa. Alikuwa anabishana na mtu juu ya dume, akakaa chini, kisha akalala. Vijana wakamleta kwa bodaboda, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati. Nilifika nyumbani saa nane mchana na kipimo changu mfukoni. Mjukuu wake alimtoboa kidole kwa maelekezo yangu kutoka mlangoni. Nne na nusu.

Naomba niseme wazi, niliogopa. Damu yote waliyomwekea ilikuwa imekwenda, na ya kwake juu yake, na hakuna aliyejua imekwenda wapi. Mtu hawezi kujazwa kila miezi minne kama pipa lenye tundu. Nilijua kwamba ikishuka tena kabla hatujajua inapotokea, hatutafika hospitali.

Nikakaa nje ya mlango, mgongo ukutani. Yeye alikuwa amelala ndani kwenye ngozi. Mama mkwe alikuwa katikati, akianza kazi yake ya kubeba maswali. Jibu la kwanza lilikuja limevikwa shuka na shanga, nami hasira ikanipanda.

"Mama, leo sitaki majibu ya heshima. Mzee anakufa."

Haikuwa sauti ya mkwe kumwambia mama yake. Alinitazama, nikadhani nimeharibu ndoa. Kisha akachukua kibuyu chake. "Basi muulize mwenyewe. Mimi nakwenda kuangalia mbuzi." Akaondoka kweli, akapita zizini bila kugeuka.

Tukabaki wawili, na ukuta. Pale mlangoni alikuwa amefungwa ndama mmoja wa kahawia ambaye alikuwa anatafuna mkanda wa mkoba wangu.

"Wewe ndama," sauti ikasema ndani. "Mwambie daktari aulize."

Nilidhani amechanganyikiwa kwa kukosa damu. Halafu nikaelewa. Nikamgeukia ndama.

"Ndama, muulize baba, choo kimekuwa cheusi tangu lini?"

"Mwambie, tangu mvua zile. Lakini siyo mara ya kwanza. Nikiwa mdogo, nachunga, ilitoka nyekundu. Mara mbili. Mama yangu akachemsha mizizi, ikaacha."

"Muulize kama kuna maumivu yoyote."

"Hakuna. Yangekuwepo ningesema."

"Asingesema," nikamwambia ndama.

Ndani nikasikia mtu anacheka kidogo, pumzi ikamkatika. Nikamwacha apumzike. Kisha nikauliza lile swali ambalo miezi yote nilikuwa nimeliuliza likiwa na jibu lake ndani. Safari hii niliuliza na kungoja.

"Ndama, muulize baba, mara ya mwisho kunywa damu ilikuwa lini?"

Ndama akaacha kutafuna.

"Ndama, huyo daktari huwa anasema mambo ya watu nje?"

"Mwambie hapana. Daktari aliapa."

"Basi mwambie, mimi sinywi damu."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Akaeleza, kwa sehemu, akipumzika. Harufu yake ilimtapisha tangu akiwa mtoto. Wenzake walipokuwa wanagombania kibuyu yeye alikuwa anagusisha mdomo, analowesha midomo, anampa anayefuata. Alipoota masharubu kazi ikawa rahisi, aliyalowesha masharubu. Katika sherehe zote, katika mikutano yote ya wazee, kwa miaka zaidi ya hamsini, mzee yule mwenye ng'ombe wengi kuliko jirani yeyote alikuwa anashika kibuyu na kukipitisha. Mkewe alijua. Mwingine hakuna.

"Ataandika?" akamuuliza ndama.

"Lazima aandike."

"Basi aandike kwa Kiingereza."

Sikujua nicheke au nilie. Kila Jumatatu asubuhi pale zahanati huwa nawafundisha akina mama kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Nilikuwa nimewapigia wengine kengele hiyo kwa miaka, na nyumbani kwangu mwenyewe tulikuwa watu watatu tunaificha damu ya mtu mmoja: yeye kwa aibu, mkewe kwa kumlinda, na mimi kwa kudhani nimeshawajua. Mimi nilistahili lawama kubwa zaidi. Mwiraqw mwenzangu ningemuuliza nikasubiri.

Mama mkwe aliporudi alinikuta naandika. Aliangalia karatasi, akajua. "Ungetaka niseme nini?" akasema. "Kwamba mume wangu hanywi? Watu wangesema mimi ndiye niliyemlegeza." Akaketi karibu nami akanisaidia kukumbuka ugonjwa wa mzee, tarehe kwa tarehe, bila nguo yoyote juu ya majibu.

Siku iliyofuata, asubuhi, tulikuwa hospitali tena. Safari hii alitupokea daktari bingwa wa upasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Aliweka barua zangu mbili mezani, ya zamani na mpya, akazisoma moja baada ya nyingine.

"Hizi zimeandikwa na mtu mmoja?"

"Ndiyo, daktari."

"Yupi kati yenu ni mwongo?"

"Yule wa kwanza, daktari."

Akacheka, akavuta kiti. Alichora utumbo nyuma ya barua yangu ya uongo, ambayo angalau ilipata kazi. Kamera ya mdomoni ilionyesha tumbo ni safi. Siku ile ile walimwongezea damu, na kesho yake wakapitisha kamera ya upande wa pili. Utumbo mpana nao ulikuwa safi, ila damu ilionekana inashuka kutoka juu. Basi inavuja katikati, kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo kamera zote mbili haziwezi kufika. Na kama ilimtoka akiwa mtoto bila maumivu, na imerudi uzeeni bila maumivu, kuna kitu alikuwa anakifikiria. Alikuwa amekiona mara chache sana maishani mwake.

Alitueleza hivi. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, mwanzoni kabisa, kuna kijia kinachotoka kitovuni kwenda kwenye utumbo. Kazi yake ikiisha kinajifunga, kinapotea. Kwa watu wachache kinabaki kipande, kinaning'inia kwenye utumbo kama kidole cha glovu. Wengi wa hao wachache hawajui kamwe kwamba wanacho. Lakini mara nyingine ngozi ya ndani ya kifuko hicho ni ya aina ya tumbo la chakula, inatoa asidi, na asidi inauchoma utumbo wa jirani ambao haukuumbwa kuihimili. Unapata kidonda, kidonda kinatoa damu. Kuna kipimo maalumu cha kukionyesha, kiko mbali, na mgonjwa hawezi safari. Picha walizompiga hazikusema ndiyo wala hapana. Alitaka kumfungua aangalie kwa macho.

Baba mkwe alikuwa anasikiliza. Daktari yule hakuwa mkwe wake, kwa hiyo aliongea naye moja kwa moja, na nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi anavyoongea akiwa na mtu anayemheshimu kwa kazi yake. Amefungua mbuzi wengi maishani, na kwao utumbo wa mbuzi unasomwa kujua yajayo kabla ya mambo makubwa.

"Utumbo ni mrefu," akasema. "Utaupitia wote?"

"Wote. Kwa vidole, kipande kwa kipande."

"Unaanzia wapi?"

"Mwishoni. Pale unapokutana na utumbo mpana, narudi nyuma."

Mzee akafikiri. "Mimi pia naanza mwishoni," akasema. "Nipasue." Akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa.

Tulingoja nje, mimi na mama mkwe, kwenye benchi la jua. Yeye alikuwa anasuka ukanda wa shanga, anasuka na kufumua sehemu ile ile. Mimi nilisali Baba Yetu mara nyingi mpaka nikaanza kukosea maneno. Daktari alitoka akiwa bado amevaa kofia, ameshika bakuli la bati. Alikipata mapema, karibu na mwisho, kama alivyosema. Kifuko chenyewe kilikuwa na urefu wa dole gumba, na kando yake, kwenye kipande cha utumbo alichokikata pamoja nacho, kulikuwa na kidonda chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mama mkwe aliinama juu ya bakuli, akaangalia kwa muda mrefu.

"Ni haka tu?" akasema. "Miaka yote hii?" Kisha akakaa chini pale pale sakafuni akacheka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye shanga.

Kilichofuata hakuna kitabu kilichonitayarisha. Mtu aliyekatwa utumbo hapewi chakula mpaka utumbo uanze kazi tena, na dalili ya kwanza, dalili ambayo wodi nzima inaingoja, ni kujamba. Muuguzi alipita asubuhi, akauliza kwa sauti ya kanisani, "Babu, umejamba?" Mzee alitazama dari. Mimi nilikuwa kando ya kitanda nashika chupa ya dripu. Mchana akauliza tena. Dari. Siku ya tatu daktari bingwa alianza kukunja uso, akaweka kipimo cha kusikilizia tumboni, akasema anasikia sauti, mbona hakuna kitu? Akaongea habari za kupiga picha, labda pameziba. Mama mkwe alikuwa ameondoka kwenda kuoga kwa ndugu zangu. Mume wangu alikuwa njiani. Wa nyumbani tulikuwa mimi na yeye tu.

Nikakata shauri kutoka nje, huenda ni mimi anayenionea aibu. Nikaweka dripu sawa, nikageuka.

"Binti yangu."

Nikasimama. Kwa miaka minane hakuwahi kuniita, si hivyo wala vinginevyo. Hakumwambia mtu mwingine aniambie. Alikuwa ananitazama, na mimi, bila kukusudia, nilikuwa namtazama. Ana macho ya mume wangu, na kumbe sikuwa najua.

"Imetoka," akasema. "Tangu jana asubuhi. Mara nyingi."

Niliangua kicheko kikubwa mpaka wagonjwa wakageuka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia kama mtoto. Nilikuwa nampenda mzee yule kumbe, siyo kwa wajibu. Nikakimbia kumwita muuguzi, na saa ile ile akapewa uji mwepesi. Aliunywa mbele yangu, kijiko kwa kijiko, na hakuna mbingu iliyoanguka.

Alirudi nyumbani baada ya siku kumi, damu kumi na moja. Majirani walikuwa wamejaa uani. Na kwa kuwa kwao mtu aliyepoteza damu hurudishiwa damu, walikuwa wamemtoboa dume, wamechanganya na maziwa, wamejaza kibuyu kizuri kuliko vyote. Aliyekishika alikuwa jirani yetu, mzee wa rika lake, mwembamba, ambaye hutoa baraka kwenye shughuli zote. Alitoa baraka ndefu, akamkabidhi.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Nilijua atakachofanya, atalowesha masharubu, atapitisha. Alikishika kibuyu. Akakiinua nusu ya njia. Kisha akakishusha akakiweka magotini.

"Sinywi," akasema. "Sijawahi kunywa hata siku moja."

Akawaeleza yote, kwa Kidatoga, na mengi niliyaelewa: harufu, masharubu, choo cheusi, mnada, kifuko alichozaliwa nacho. Alisema alikaa kimya juu ya damu ya ng'ombe asiyoinywa, mpaka damu yake mwenyewe ikabaki kidogo. Alipomaliza, mzee mmoja wa nyuma akauliza kama ina maana miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anakunywa fungu la mwenzake. "Ndiyo maana umenenepa," baba mkwe akamjibu, na uani pakalipuka kicheko kilichowatisha mbuzi.

Watu walipoanza kula nilikwenda nyuma ya nyumba kuosha vikombe. Nikasikia fimbo. Alikuwa ni yule jirani mwembamba wa baraka, amenifuata peke yake. Nikamsalimu, "Shikamoo, baba." Akaitika marahaba, akasimama, akachorachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Daktari," akasema. "Hiyo choo nyeusi. Nayo ya kwangu." Halafu akasita, akaanza kugeuka aondoke. "Lakini siyo kitu. Labda ni chakula."

Baba mkwe alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta, kwenye kivuli, nami sikujua kwamba anatusikia.

"Mwambie yote," akapaza sauti. "Mimi nilimficha, kidogo mnizike."

Mzee akarudi. Nikaweka kikombe chini, nikafuta mikono, nikamuuliza.